Bi Wembe na Mishipa ya Panya

Katika jengo zima la maabara hapakuwa na mtu ambaye Bi Wembe hakumdharau, na kama alikuwapo, basi ni kwa kuwa walikuwa bado hawajakutana. Alimdharau mlinzi wa getini kwa kumuuliza kitambulisho kila asubuhi, miaka kumi na minne mfululizo, mtu anayemjua mpaka saizi ya viatu. Alimdharau mtunza stoo kwa kwenda kula chakula cha mchana saa tano na kurudi saa tisa akichokonoa meno. Madaktari aliwadharau kwa jumla, bila kujisumbua kuwachambua, kwa kuwa walitia sahihi majibu ya vipande ambavyo wao wenyewe wasingeweza kuvikata hata wakipewa mwaka mzima na dua za wazazi. Jina la Wembe alilipata kazini, ingawa kila aliyemsikia akizungumza alidhani limetokana na mdomo, naye hakuona haja ya kumsahihisha mtu.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kukata nyama, lakini ole wako umwite mchinjaji. Kipande kidogo cha mwili, cha mtu au cha mnyama, kililetwa kwake ndani ya kichupa cha dawa ya kuhifadhi. Alikiondoa maji, akakizamisha kwenye nta ya moto, nta ikaganda, na hapo kikawa kijitofali cheupe ambacho wenyewe humo ndani hukiita bloku. Bloku ilifungwa kwenye mashine yenye wembe na gurudumu la kuzungusha kwa mkono. Kila mzunguko ulitoa kijipande kimoja, chembamba kuliko utando wa kitunguu. Kijipande kilielea juu ya maji ya uvuguvugu, akakiopoa kwa kioo, akakitia rangi, halafu daktari akaja kukichungulia kwa hadubini na kwenda nyumbani kusema amechoka.

Wanafunzi waliotumwa kujifunza kwake walidumu wiki mbili kwa wastani. Mmoja, mtu mzima mwenye watoto wawili, Bi Wembe alimliza mbele ya wenzake kwa sababu aliosha vipande kwa maji ya bomba pale palipotakiwa maji yenye asidi ya siki. Rangi nyekundu aliyokuwa akiiosha, alimwambia, hushika ndani ya asidi na huchuja ndani ya maji matupu. Ukiosha kwa maji matupu umekwisha kuondoa kile ulichokuja kukitafuta, kisha utaandika kwa mwandiko mzuri kwamba hakikuwapo. Yule mtu mzima hakurudi Jumatatu.

Mume aliwahi kuwa naye. Aliondoka asubuhi moja akisema anakwenda kutafuta kazi mji wa jirani, na jamaa husema kwamba bado anaitafuta na kwamba hawamlaumu.

Mtu mmoja tu ndiye ambaye Bi Wembe alimdharau kwa mapenzi, naye ni mdogo wake wa kike, mwalimu wa darasa la tatu. Mama yao alifariki Bi Wembe akiwa na miaka kumi na tisa na mdogo wake saba, kwa hiyo mkubwa alimlea mdogo, akamsuka nywele, akamsomesha, akamgombeza, na tangu hapo hakuona sababu ya kuacha kumgombeza. Mwalimu alipoanza kusimama katikati ya ngazi za shule akishika ukuta, dada yake alisema ni uvivu, kwamba huyo alikuwa akitaka kubebwa tangu ana miaka saba. Akasema hivyo mwaka mzima. Zahanati nao wakasema ni pumu, wakampa dawa ya kuvuta. Siku mwalimu alipoanguka mbele ya ubao, chaki mkononi, na watoto arobaini wakidhani ni mchezo, ndipo alipopelekwa kupimwa moyo kwa mashine ya mawimbi ya sauti. Upande wa kulia wa moyo ulikuwa umetanuka. Shinikizo la damu lilikuwa limepanda, lakini si mkononi linakopimwa kila siku. Lilikuwa ndani ya mishipa ya mapafu.

Daktari wa kliniki aliwachorea bomba kwenye karatasi, akalichora jembamba, akasema ndiyo hivyo. Bi Wembe alimtazama kama mtu anavyotazama nguo iliyopigwa pasi vibaya. Mshipa si bomba. Ukuta wake una seli, na katikati ya seli na pembeni yake kuna kiunzi, nyuzi zilizosukwa na seli zenyewe. Nyingine ni nyuzi za kunyumbuka, ndizo zinazofanya mshipa utanuke moyo unaposukuma na urudi moyo unapopumzika, mfano wa lastiki ya sketi. Nyingine ni ngumu, zinaitwa kolajeni, na kazi yake ni kuzuia mshipa usipasuke. Kwa mtu mzima wa afya hizi na zile hukaa kwa kiasi chake. Kwa ugonjwa wa mdogo wake, zile za kunyumbuka hukatikakatika, kolajeni ikarundikwa juu ya kolajeni, ukuta ukanenepa na kukakamaa, na njia ya damu ikabaki tundu la sindano. La kuudhi zaidi ni kwamba seli zenyewe, zikihisi zimekaa mahali pagumu, huzidi kusuka nyuzi ngumu. Ugumu unaleta ugumu mwingine, moyo unasukuma, unavimba, mwisho unachoka. Bi Wembe alikuwa ameona hayo kwa macho yake kwenye vioo mara nyingi, kwa watu waliokwisha kufa. Kumfikiria mdogo wake hivyo kulimnyima usingizi, na alipokosa usingizi alizidi kuwa mkali kwa mlinzi wa getini.

Vidonge vilimsaidia mwalimu. Havikulainisha uzi hata mmoja. Vililegeza tu misuli ya mishipa na kupunguza maji mwilini. Hata hivyo alirudi darasani, akawa anafundisha ameketi, na watoto wakajifunza kumletea madaftari mezani. Kliniki walimwonya asiviache hata siku moja, kwa kuwa mishipa iliyozoea kulegezwa ikiachwa ghafla hukaza kwa kishindo.

Aliyekuwa akimkumbusha vidonge hivyo ni mumewe, na hapa inabidi tumtaje, ingawa Bi Wembe mwenyewe angependa tumruke. Alikuwa mpiga picha za pasipoti. Alikuwa na chumba kimoja kando ya barabara, pazia jeupe, kiti cha kuzunguka na kioo cha kuchania nywele, na siku nzima aliwaambia watu inua kidevu, usicheke, sasa cheka kidogo tuone. Mtaa mzima ulimwita Tabasamu. Shemeji yake alisema ni mtu asiye na mbele wala nyuma, anayekula kwa kuwaambia watu watazame hapa. Chakula alichopika Tabasamu, Bi Wembe hakukimaliza. Alipozungumza naye alizungumza na ukuta uliokuwa nyuma yake. Tabasamu alijibu yote hayo kwa kumkaribisha kiti, jambo ambalo Bi Wembe alilihesabu kuwa upungufu wa akili.

Sasa tuje kwa Daktari wa Panya. Huyu alikuwa mtafiti mwenye mashati yaliyonyooka na saa kubwa, na alikuwa na panya weupe waliosababishiwa ugonjwa uleule wa mapafu. Nusu yao alikuwa akiwalisha unga wa majani ya mti fulani, nusu hakuwapa kitu. Panya wakauawa, mapafu yakagandishwa kwenye nta, na Bi Wembe akaombwa avitie vipande ile rangi nyekundu inayoshika kolajeni peke yake na kuacha vingine vyote vya manjano. Baadaye kompyuta ingehesabu wekundu uliozunguka kila mshipa. Wekundu mwingi, mshipa mgumu. Wekundu kidogo, dawa imefanya kazi.

Ukutani juu ya sinki palikuwa na karatasi aliyoiandika Bi Wembe mwenyewe kwa herufi kubwa: wagonjwa na waliotibiwa wakae kikapu kimoja, siku moja, rangi moja, maji mamoja. Bila hivyo huwezi kujua kama tofauti unayoiona imetoka kwa panya au imetoka kwako. Amri hiyo aliwahi kuwasomea maprofesa wawili, mmoja akiwa wa nje, kwa sauti ambayo hata wasafishaji wa korido waliisikia. Lakini Daktari wa Panya, mtu wa kuchelewa kama kawaida yake, alileta bloku za wasiotibiwa Jumatatu, akasema zile za waliotibiwa zinakuja Alhamisi na picha anazitaka Ijumaa kwa ajili ya mkutano. Mtu mwingine angesema nitasubiri zote zifike. Bi Wembe alisema maneno ambayo baadaye angetamani kuyang'oa hewani.

"Lete tu. Mkono wangu hauna Jumatatu wala Alhamisi."

Jumatatu mambo yalikwenda sawa. Alhamisi, vipande vikiwa tayari vimetoka kwenye rangi, alikuta chupa ya asidi ya siki imebaki harufu. Akaenda stoo. Mlango ulikuwa na kufuli, mtunza stoo yuko kwenye chakula chake cha muda wa saa nne nzima. Bi Wembe aliutukana mlango, akarudi, akasimama mbele ya sinki. Angeweza kusubiri. Angeweza kwenda maabara ya jirani kuomba kijiko kimoja, ila jirani alikuwa miongoni mwa watu wasiostahili kuombwa kitu. Akafungua bomba. Alijiambia kwamba kuosha kwa haraka hakutaonekana, kwamba mwanafunzi ndiye huharibu kwa maji matupu kwa sababu mwanafunzi hana mkono. Akatumbukiza, akatikisa, akatoa, na akalisahau jambo hilo kabla mikono haijakauka.

Picha zilipendeza kuliko ndoto za Daktari wa Panya. Kwa wasiotibiwa kila mshipa ulikuwa umevaa pete nene nyekundu. Kwa waliotibiwa ilikuwa pete ya waridi hafifu, mahali pengine manjano tupu. Alimkumbatia Bi Wembe koridoni mbele za watu. Mkutanoni alimtaja, akamwita mama yetu wa mkono wa dhahabu, na kwa miaka thelathini na mmoja ya kazi hiyo ilikuwa mara ya kwanza kutajwa na mtu yeyote kwa lolote. Alirudi nyumbani siku hiyo akampita mlinzi wa getini na kumwambia kwaheri. Mlinzi alidhani ameachishwa kazi.

Baada ya miezi miwili Daktari wa Panya alialikwa redioni. Alisema ni panya, akasema mara moja tu, harakaharaka. Mtangazaji akamuuliza kama kuna matumaini kwa binadamu, naye akaanza kueleza matumaini, akasahau kunyamaza. Kabla ya wiki kwisha, wenye biashara ya mitishamba walikuwa na ule unga kwenye vikopo vyenye picha ya mapafu. Walisema usichanganywe na dawa za hospitali, kwa kuwa utapoteza nguvu.

Tabasamu alinunua vikopo sita.

Bi Wembe alilijua hilo. Ndiyo sehemu ya kisa hiki inayonitia hasira mimi ninayesimulia, kwa hiyo nitaisema waziwazi. Alikwenda kumsalimia mdogo wake Jumapili, akakuta kikopo mezani na vidonge vimewekwa juu ya kabati. Alianza kufoka, maana hakuwa mjinga. Alijua panya ni panya na alijua vidonge haviachwi. Mwalimu akamshika mkono, akaugeuza kiganja juu, akautazama.

"Dada, mimi redio sikuiamini, wala daktari sikumwamini," alisema. "Nimeuamini huu mkono. Wewe ndiye uliyeona mishipa imelainika, sivyo?"

Alipaswa kusema sivyo, au walau ngoja kwanza. Alipaswa kushusha vile vidonge kutoka juu ya kabati na kuvitia mdomoni mwa mdogo wake kama alivyomtia uji zamani. Badala yake kichwa kilivimba. Alisema ni kweli ameona kwa macho yake, na kwamba si vibaya kujaribu majuma machache. Akaongeza tu kwamba kikopo kifunikwe vizuri, kwa kuwa shemeji hajui usafi. Mtu aliyekuwa akimdharau kila mtu kwa kusadiki maneno matupu alisadiki maneno matupu ya kwake mwenyewe, kwa sababu yalimsifu.

Jarida ambalo Daktari wa Panya alilipelekea utafiti wake lilijibu kwa ustaarabu. Wakaguzi walipenda kazi, ila waliuliza kama vipande vya makundi mawili vilitiwa rangi pamoja, na kama sivyo, waliomba virudiwe vyote kwa mara moja. Bi Wembe aliiona barua hiyo kama tusi. Watu gani hao, wamekaa mbali huko hawajawahi kushika wembe, wanataka kumfundisha yeye sheria aliyoibandika ukutani mwenyewe. Aliamua kuwaaibisha. Alikata bloku zote thelathini na mbili upya, akazipanga kwenye kikapu kimoja, akatengeneza rangi mpya, akaosha kwa maji yenye asidi aliyoipima mara mbili. Hata alivaa koti jeupe jipya.

Alipochungulia kwenye hadubini alidhani amechanganya namba. Pete nene nyekundu. Akaweka kioo kingine, cha panya aliyetibiwa, akaona pete nene nyekundu. Akaangalia namba, akafuta lenzi, akaweka cha tatu, cha nne, cha kumi. Waliokula unga na wasiokula walikuwa sawasawa, wote mishipa imekakamaa kwa kolajeni, wekundu uleule. Unga haukuwa umegusa uzi hata mmoja. Alikaa pale akiwa ameshika kioo cha kumi na moja, na ndipo ile Alhamisi ilipomrudia, kufuli la stoo, bomba, na sauti ya maji sinkini. Hakuwafikiria wakaguzi wala mkono wa dhahabu. Alimfikiria mdogo wake, ambaye siku hiyo alikuwa na siku ishirini na tatu bila kidonge.

Daktari wa Panya alimsikiliza akiwa amesimama. Alitazama picha mpya, akakuna shingo, akasema labda safari hii mama ameacha rangi muda mrefu, na kwamba zile za mwanzo zilikuwa nzuri zaidi, hakukuwa na haja ya kuharakisha kuzitupa. Bi Wembe alilitazama lile shati lake lililonyooka, na safari hii dharau yake ilikuwa na haki kabisa. Alirudi mezani kwake, akafungua kitabu cha kazi, akaandika kwenye ukurasa wa Alhamisi ile kwamba kundi la pili lilioshwa kwa maji matupu na kwamba matokeo hayafai. Akatia sahihi. Akapeleka nakala kwa mkuu wa maabara, akaitupa mezani kwake bila kusalimia. Kuandika hakukumpa taabu. Kwenye karatasi hakuna anayekutazama usoni.

Alifika kwa mdogo wake saa kumi jioni. Tangu Jumapili ile alikuwa hajaja, alikuwa na kazi nyingi ya kusifiwa. Mwalimu alikuwa ameketi kitandani, mito mitatu mgongoni, kwa sababu akilala chali alikosa pumzi. Miguu ilikuwa imevimba mpaka vifundo havionekani. Midomo ilikuwa na rangi ya kijivu. Tabasamu alikuwa kwenye kigoda kando yake, akikoroga kikombe cha ule unga kwa kijiko, polepole, kwa kuwa alikuwa ameambiwa usifanye mabonge.

"Acha hiyo kitu," Bi Wembe alisema akiwa bado mlangoni. "Rudi kwenye vidonge leo hii. Na twende hospitali. Huo unga haufanyi lolote."

"Nani kasema?" mwalimu aliuliza.

"Mimi. Nimetazama upya."

Mwalimu alimgeukia mumewe, akajaribu kucheka, pumzi ikamkatisha. Alisubiri ikarudi. "Si nilikwambia? Nilikwambia atapata tu sababu." Kisha akamwambia dada yake, neno moja moja, kwamba kama unga angeununua dada mwenyewe ungekuwa dawa, lakini kwa kuwa kaununua mume wake basi haufai, kama vile chakula chake kisivyofaa na kiti chake kisivyofaa. Miaka kumi na mbili mume huyo anavumilia hayo. Akasema kuvimba huko kunatokana na mwili kuzoea, muuzaji alishawaeleza.

Bi Wembe alieleza. Alieleza vizuri kabisa, rangi, asidi, kikapu, kama anayefundisha darasa. Alisema siku ile daktari alichelewesha bloku. Alisema stoo ilikuwa imefungwa, yule mtunza stoo hana adabu, anakula kama amekodishwa kula. Alisema palitokea hitilafu kwenye kuosha.

"Basi kosa ni la stoo," mwalimu alisema, na akafumba macho kwa uchovu. "Mkono wako ulikuwa sawa. Mimi nimeuamini mkono." Akanyoosha wake kukipokea kikombe.

Hapo Bi Wembe alielewa kwamba kila lawama aliyomtupia mtu mwingine ilikuwa ikimsukumia mdogo wake kile kikombe mdomoni. Alifungua kinywa, likamjia neno la kumlaumu daktari tena, akalimeza. Tabasamu alikuwa ameshikilia kikombe hewani, hakutoa wala hakurudisha. Kwa macho ya mpiga picha aliyezoea nyuso, alimtazama shemeji yake moja kwa moja.

"Shemeji, mimi si msomi," alisema. "Nieleze kitu kimoja tu. Nimpe au nisimpe?"

"Usimpe." Sauti ilimtoka vibaya. "Nimekosea mimi, shemeji. Mimi ndiye niliyeosha kwa maji matupu. Nilijua haifai, nikaosha, kwa kiburi tu. Na siku ile nilipokuta vidonge juu ya kabati, nilijua haviachwi, nikasema si vibaya kujaribu, kwa sababu nilisifiwa. Daktari hayumo, wala mtu wa stoo hayumo."

Mwalimu alifumbua macho. Katika miaka yote aliyolelewa na dada huyo, na kusukwa, na kusomeshwa, alikuwa hajawahi kusikia sentensi hiyo, na alimtazama kwa mashaka, kama anayetafuta mtego.

"Rudia," alisema.

Bi Wembe alirudia, neno kwa neno, akimtazama Tabasamu na si ukuta uliokuwa nyuma yake. Akaongeza kuomba samahani, jambo ambalo alilifanya vibaya kwa kukosa mazoezi. Tabasamu alikiweka kikombe sakafuni, akapanda kwenye kigoda, akashusha vidonge, na akatoka kwenda kutafuta gari.

Mwalimu alikaa wodini siku kumi na tisa na akatoka akiwa hai. Nalisema mapema msije mkaniuliza. Hakurudi kama alivyokuwa. Sehemu ya nguvu ya moyo aliyoipoteza siku zile ishirini na tatu haikurudi, na ngazi za shule hakuzipanda tena. Darasa la tatu walimpa mwalimu mwingine.

Lakini ninachotaka kumalizia ni pale mapokezi, jioni ileile, mgonjwa amekwisha kuwekewa hewa ya oksijeni na kusukumwa ndani. Daktari wa zamu, kijana aliyechoka, alirudi na faili mkononi, akafungua mahali palipoandikwa vidonge, akawatazama wote wawili kwa hasira ambayo hakujaribu kuificha. Watu wengi walikuwa kwenye mabenchi, na kila mmoja alisikia.

"Huyu alikuwa anaendelea vizuri," alisema. "Nani alimruhusu aache dawa?"

Tabasamu alisimama haraka kuliko shemeji yake. Alikuwa bado na unga wa majani kwenye kucha.

"Ni mimi, daktari," alisema. "Mimi ndiye mume. Mimi ndiye niliyenunua."

Daktari alikwisha kumgeukia, na uso wake ulikuwa na dharau ambayo Bi Wembe aliitambua mara moja, kwa kuwa ilikuwa ya kwake, aliyoivaa miaka kumi na mbili. Angekaa kimya dakika moja tu, ingekwisha hapo, na hakuna ambaye angemuuliza.

"Si yeye," Bi Wembe alisema. "Niandike mimi. Mimi ni mtaalamu wa maabara, nilikuwa najua."